Kila Chombo na Kivuli Chake: Namna ya Kupima Hisia Zinazoamshwa na Redio, Maandishi, Picha, Video na Simu

Wasomaji wamekuwa wakiuliza swali moja kwa sura nyingi: imekuwaje mtu mwenye akili timamu akatokwa na machozi kwa video ya dakika moja, akachangia fedha, akasambaza ujumbe au akamchukia jirani yake, kisha siku ya pili akagundua kwamba alichoambiwa kilikuwa uongo, au kilikuwa kweli iliyokatwa katikati? Makala haya yanajibu kwa njia ya vitendo. Hayamtaki msomaji aufunge moyo wake, kwa kuwa hisia ni sehemu halali ya maamuzi ya binadamu. Yanamwonyesha mahali pa kutazama kabla mkono haujaufuata moyo.

## Maana ya mguso wa hisia

Mguso wa hisia ni sehemu ya ujumbe inayokusudiwa kumfanya mpokeaji aogope, ahurumie, akasirike, ajivune au atumaini, ili atende jambo fulani. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliutaja kuwa moja ya njia tatu za kumshawishi msikilizaji, pamoja na hoja na sifa ya msemaji mwenyewe. Njia hizo tatu zinapotembea pamoja hapana ubaya. Tatizo huanza pale moja inapotumwa kuifanya kazi ya zote.

Kanuni itakayofuatwa hapa ni fupi: kila chombo huigusa hisia kwa kile kinachokionyesha, na zaidi kwa kile kinachokiacha gizani. Redio huuficha uso. Maandishi humweka mtu mmoja mbele ya umati. Picha huficha kilichotangulia na kilichofuata. Video huficha mikato yake. Na kundi la WhatsApp humficha mwandishi nyuma ya mtumaji anayependwa. Kwa hiyo dawa ya chombo kimoja haitoshi kwa kingine.

Hata hivyo, hatua nne zifuatazo zinafaa kwa vyombo vyote:

1. Mpokeaji aitaje hisia kwa jina lake: hii ni hofu, hii ni huruma, hii ni hasira.
2. Ataje kitendo anachotakiwa kukifanya: kutoa fedha, kupiga kura, kusambaza, kuchukia.
3. Aulize chombo hiki kimeacha nini gizani.
4. Apitishe muda unaolingana na uzito wa kitendo: dakika tano kwa kusambaza ujumbe, usiku mmoja kwa mchango mkubwa, siku kadhaa kwa uamuzi unaomhusu mtu mwingine.

## Redio na sauti: ukaribu usio na uso

Sauti huingia sikioni bila uso, na msikilizaji hulazimika kuuchora uso huo mwenyewe. Ndiyo maana mtangazaji anayesikika kila asubuhi huhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani hata kama hajawahi kuonekana. Ukaribu huo unaweza kujenga na unaweza kubomoa.

Kituo cha RTLM cha Rwanda, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1993, kilijipatia wasikilizaji kwa muziki na mizaha, kikawazoeza kusikia Watutsi wakiitwa mende, na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 kikawa kinataja majina ya watu na mahali walipojificha. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa kituo hicho pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, ingawa rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu. Jambo la kuzingatiwa hapa ni mpangilio: mzaha ulitangulia, chuki ikafuata, na aliyekwisha kuzoea kucheka na sauti ile alikuwa ameshaifungulia mlango.

Mwaka huohuo wa 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliokusudiwa kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye wapenzi wengi njiani, mwishowe anaugua, huku mkewe Tunu akijifunza kujitegemea. Huzuni na hofu zilikuwamo tele, lakini msikilizaji alionyeshwa kitendo pamoja na matokeo yake, na kati ya sehemu moja na inayofuata alipata siku za kutafakari na kujadiliana na wenzake. Aidha, kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo hadi 1995, hivyo watafiti waliweza kuwalinganisha waliousikia na wasiousikia.

Hotuba nayo inaweza kupimwa kwa namna hiyo. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba majeshi ya Idi Amin yaliyovamia Kagera yatapigwa, aliiegemeza hamasa yake juu ya mambo matatu, yaani uwezo, sababu na nia. Mioyo iliwaka, na bado msikilizaji aliachiwa mambo matatu ya kuyapima moja baada ya jingine.

Msikilizaji anashauriwa yafuatayo:

- Ayategee sikio majina. Kundi la watu linapoitwa kwa jina la mdudu, mnyama au ugonjwa, ajue kwamba anaandaliwa kwa jambo ambalo asingelikubali kama watu hao wangeitwa watu.
- Asiuamini ujumbe wa sauti unaodai kutoka kwa "daktari wa hospitali kubwa" au "mtu wa ndani" ikiwa hautaji jina, mahali na tarehe. Kutetemeka kwa sauti hakuthibitishi kitu.
- Sauti ya ndugu inapoomba fedha za dharura, akate simu na kumpigia kwa namba anayoifahamu siku zote, kwa kuwa siku hizi programu za kompyuta zinaweza kuiga sauti ya mtu kwa karibu sana. Familia inafanya vyema kukubaliana mapema juu ya neno la siri la kuulizana.

## Maandishi: mtu mmoja mbele ya umati

Maandishi hayana sauti wala rangi, na nguvu yake kubwa ni kumtoa mtu mmoja katika umati na kumsimamisha mbele ya msomaji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic waliwapa washiriki nchini Marekani dola 5 na kuwaachia waamue wachangie kiasi gani. Waliosoma habari za msichana mmoja wa Mali mwenye umri wa miaka 7 walitoa wastani wa dola 2.38, waliosoma takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa dola 1.14; na waliosoma habari za msichana pamoja na takwimu walitoa dola 1.43. Kwa maneno mengine, tarakimu zilipoongezwa juu ya kisa, huruma ilipungua.

Haifuati kwamba barua ya kuomba msaada inayomtaja mtoto mmoja ni ya hila. Inafuata kwamba msomaji hana budi kuuliza maswali mawili ambayo moyo wake hautayauliza wenyewe: je, fedha hizi zinamfikia huyu anayetajwa, na je, walio nyuma yake, wasiotajwa, wamepangiwa nini?

Ujumbe mfupi wa simu hufanya kazi kwa njia nyingine. Maneno "ile hela tuma kwenye namba hii", yanayofahamika mno Tanzania, hayana kisa, picha wala machozi. Matapeli huyatuma kwa watu wengi kwa matumaini kwamba mmoja wao yumo katikati ya mazungumzo ya fedha na mtu mwingine. Neno "ile" huyaingilia mazungumzo hayo, na mpokeaji huona haya ya kuonekana anachelewesha deni. Hisia inayotumika hapo ni aibu ndogo ya muungwana, na kwa sababu ni ndogo, wengi hawaihesabu kuwa hisia.

Tahadhari kwa maandishi:

- Fedha zitumwe kwa namba iliyokwisha kuhifadhiwa au baada ya kuzungumza na mhusika, na jina linalotokea kwenye simu lisomwe kabla ya namba ya siri kubonyezwa.
- Kichwa cha habari kisihukumiwe kabla ya aya ya mwisho kusomwa, kwa kuwa mara nyingi maelezo yanayopunguza ukali wa habari huwekwa chini.
- Maneno kama "kabla hawajaufuta" au "ukikaa kimya nawe ni mmoja wao" yachukuliwe kuwa ishara ya kusimama, kwani kazi yake ni kumnyima msomaji muda.

## Picha mnato: kilichobaki nje ya fremu

Picha mnato, yaani picha isiyotembea, huisimamisha nukta moja ya wakati na kumwachia mtazamaji aubuni mwanzo na mwisho. Machi 1993, gazeti la The New York Times lilichapisha picha iliyopigwa na Kevin Carter wa Afrika Kusini katika eneo la Ayod, ambalo leo limo ndani ya Sudan Kusini. Ilimwonyesha mtoto aliyedhoofika kwa njaa akiwa ameinama ardhini, na nyuma yake tumbusi ametulia. Mwaka 1994 picha hiyo ilipata Tuzo ya Pulitzer.

Wasomaji wengi waliliuliza gazeti mtoto yule alipatwa na nini, na wengine walimshutumu mpiga picha kwa ukatili, kwa sababu fremu iliwaonyesha viumbe wawili tu katika jangwa la upweke. Nje ya fremu, karibu na hapo, palikuwa na kituo cha kugawia chakula cha msaada. Na mwaka 2011 waandishi wa habari wa Hispania waliofika huko walielezwa na familia ya mtoto kwamba alinusurika katika njaa ile. Njaa ilikuwa ya kweli na picha ilikuwa ya kweli. Kilichobuniwa na watazamaji ni upweke, na ndio uliowaumiza zaidi.

Kabla ya kuichukulia picha hatua, mtazamaji anashauriwa:

1. Ayasome maelezo yaliyo chini yake. Picha isiyotaja mahali, tarehe na aliyeipiga ichukuliwe kuwa haijathibitishwa.
2. Aitafute mtandaoni kwa kuipakia kwenye huduma ya kutafuta kwa picha, kama vile Google Lens, ili aone ilitokea lini kwa mara ya kwanza. Ni kawaida picha ya mafuriko ya nchi nyingine kurudi kila masika ikiwa na jina la mji mpya.
3. Aulize mpiga picha alisimama wapi, maana mkutano wa watu mia mbili ukipigwa kwa karibu na kutoka chini huonekana kama bahari ya watu.
4. Akumbuke sitara. Picha ya majeruhi au maiti hueneza uchungu na kumvunjia heshima asiyeweza kujitetea, hata kama habari yenyewe ni ya kweli. Kwa hiyo ukweli pekee hautoshi kuhalalisha kuisambaza.

## Video na filamu: mikato na muziki

Video huonekana kuwa shahidi kamili kwa sababu ina sauti, mwendo na nyuso kwa pamoja, ilhali ndicho chombo kinachotengenezwa kwa ukataji kuliko vingine. Yasimuliwa kuwa, yapata karne moja iliyopita, mwongozaji wa filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, aliuunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha ya bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji wakamsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, majonzi na tamaa, wakati uso wake haukubadilika hata kidogo. Hisia ilizaliwa kwenye kiungo, mahali ambapo jicho halioni kitu.

Mfano wa karibu zaidi ni Kony 2012, video ya takriban dakika 30 iliyotolewa Machi 2012 na shirika la Kimarekani la Invisible Children, ambayo ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja hivi. Mwongozaji alimweka ndani yake mtoto wake mdogo, akimweleza nani ni mtu mbaya, na kwa njia hiyo mtazamaji mzima akapewa vita vya miaka mingi kwa kipimo cha mtoto. Kwamba Joseph Kony, kiongozi wa waasi aliyelengwa na video hiyo, na wapiganaji wake walikuwa wamekwisha kuondoka Uganda miaka kadhaa kabla kulitajwa kwa kupita tu. Video ilipoonyeshwa hadharani Lira, kaskazini mwa Uganda, mwezi huohuo, watazamaji walioishi katika vita hivyo walikasirika, na baadhi yao wakarusha mawe. Walitarajia kujiona, wakamwona mgeni na mwanawe.

Njia za kuipima video ni hizi:

- Izimwe sauti na itazamwe mara ya pili. Ikiwa huzuni imeondoka pamoja na muziki, basi huzuni hiyo ilikuwa ya muziki.
- Itazamwe mikato: je, aliyeuliza na aliyejibu wanaonekana pamoja popote, au jibu lingeweza kuwa la swali jingine?
- Itafutwe sauti ya wahusika wenyewe. Video inayozungumzia watu ambao hawapati hata dakika moja ya kusema ina upungufu, hata kama nia yake ni njema.

## Kundi la WhatsApp: chanzo nyuma ya mtu wa karibu

Ujumbe uliosambazwa huja na kitu ambacho gazeti na redio havina, nacho ni jina la shangazi, imamu, mwalimu au rafiki wa utotoni. Mpokeaji huhamishia kwenye ujumbe imani aliyonayo kwa mtumaji, ilhali mtumaji naye aliupokea kwa njia hiyohiyo. Watu wa mwambao wamezoea ujumbe usiokiri mlengwa wake, kwani jina la kanga humfikia jirani bila aliyeivaa kusema kwamba alimkusudia. Lakini aliyeivaa kanga anaonekana mtaani na anaweza kuulizwa, na aliyeandika ujumbe uliopita mikono mia haonekani.

Mwaka 2018, kipande cha video kilienea India kikionyesha watu wawili kwenye pikipiki wakimnyakua mtoto barabarani. Video kamili ilikuwa tangazo la usalama wa watoto lililotengenezwa Karachi, Pakistan, na mwishoni mtoto hurudishwa. Mwisho huo ulikatwa. Uvumi wa wezi wa watoto ulioandamana na vipande vya namna hiyo ulisababisha watu wasio na hatia kuuawa na makundi yenye hasira. Katika mwaka huo WhatsApp ilianza kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, Januari 2019 ikaweka kikomo cha kusambaza kwa mazungumzo matano kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe uliopita mikono mingi ukaruhusiwa kwenda kwenye gumzo moja tu kwa mara moja.

Alama ya mishale miwili ina maana kwamba ujumbe umekwisha kusambazwa mara nyingi: aliyeutuma si aliyeuandika, na pengine hamjui aliyeuandika. Mpokeaji anayeiona aulize swali moja kwa adabu: "Shikamoo shangazi, hii umeipata wapi?" Swali hilo halimvunjii mkubwa heshima, na mara nyingi jibu lake ni kwamba hata yeye hajui.

## Makosa yanayorudiwa

- Kudhani kwamba wajinga ndio wanaonaswa. Msomi hunaswa na ujumbe unaoisifu akili yake.
- Kuichunguza hofu na kuisahau fahari. Ujumbe unaolisifu kabila, dini, chama au timu ya mtu hupita bila kuulizwa, kwa sababu unapendeza.
- Kusambaza pamoja na maneno "sijui kama ni kweli". Anayepokea huibeba habari na kuiacha tahadhari.
- Kukanusha kwa kuirudia picha au sauti ileile ya uongo, hivyo kuiongezea wasikilizaji.

## Shaka za wasomaji

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii hutajwa kutetea uvumi, na ni kweli kwamba minong'ono huweza kuashiria jambo. Lakini kuashiria ni sababu ya kuuliza, wala hakumpi mtu ruhusa ya kutangaza. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018, uliochunguza takriban habari 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya 2006 na 2017, uligundua kuwa habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa kwa asilimia 70 zaidi ya za kweli, na kwamba majibu ya watu kwa habari za uongo yalionyesha zaidi mshangao, hofu na kinyaa. Wingi wa wanaolisema jambo, basi, huonyesha lilivyowagusa. Ukweli wake unabaki kuwa suala jingine.

"Kupima hivi hakutaufanya moyo kuwa mgumu?" Anayepima huchangia kwa mpango na huendelea kuchangia, lakini aliyedanganywa mara mbili humfungia mlango hata mhitaji wa kweli. Kwa hiyo kupima huilinda huruma isichoke.

"Nani ana muda wa yote haya?" Hapana anayetakiwa kuchunguza kila kitu. Uchunguzi unahitajika pale tu ujumbe unapodai fedha, sifa ya mtu, usalama wa mtu au kura. Mengine yanaweza kuachwa yapite bila kuaminiwa wala kusambazwa.

## Kwa anayeandaa ujumbe

Kamati ya msikiti au kanisa, mratibu wa mchango wa matibabu na afisa wa afya nao hugusa hisia, na wana haki ya kufanya hivyo ikiwa watatimiza masharti haya:

- Mtu anayeonyeshwa awe ameridhia, na kama ni mtoto, mlezi wake awe ameelewa picha itakwenda wapi.
- Hofu isitajwe bila hatua ya kuchukua, maana mwenye hofu asiyejua la kufanya huziba masikio.
- Kiasi kinachohitajika, kilichopatikana na kilichotumika kitangazwe mahali palepale mchango ulipoombwa.

## Ikiwa ujumbe umeshatumwa

Atakayeyafuata yote yaliyoelezwa hapa bado siku moja atakosea, kwa hiyo inafaa ajue la kufanya. Kwanza, aufute ujumbe kwa wote ikiwa muda unaruhusu. Pili, aandike masahihisho katika kundi lilelile, kwa maneno machache, akitaja kilichokosewa na kilicho sahihi, bila kujitetea na bila kuituma tena picha au sauti ya awali. Tatu, ikiwa mtu ametajwa kwa ubaya, amwombe radhi mbele ya waliousoma ujumbe, kwa kuwa radhi ya faraghani hairudishi heshima iliyovunjwa hadharani. Nne, amjulishe aliyemletea, kwa upole, ili mnyororo ukatike upande wa juu pia. Mtu akiona haya kufanya hivyo, na aipime haya hiyo kama alivyofundishwa kuzipima hisia nyingine: itamgharimu dakika chache za fadhaa mbele ya watu wanaomfahamu, wakati aliyesingiziwa ataendelea kulipa kwa watu ambao hata hawamfahamu.